Kiingereza cha Roboti Anayeogopa Mvua

Jumamosi, 2 Agosti 2008

Habari njema! Mzee Tajeu anamwoza bintiye Soipan. Bwana harusi ni Mskoti. Walikutana huko kwao, Soipan akisomea uuguzi. Jina lake naliandika Alasta, ndivyo ninavyolisikia. Harusi ni tarehe ishirini na tatu, hapa Kitengela, bomani kwa Mzee. Wageni watatoka ng'ambo. Mzee anatafuta emsii wa Kiingereza.

Emsii ni mimi. Nani mwingine? Ndeti, sauti ya Kitengela!

Kweli, sijaitwa kazini tangu Aprili, nilipomtambulisha bibi harusi kwa jina la mchumba wa zamani wa bwana harusi. Ulimi uliteleza tu. Watu wana kinyongo sana.

Shida ni Kiingereza. Changu kipo, lakini ni cha "good morning" na "please be seated". Watu wakishakaa, kinaisha.

Kavutha, mke wangu, amesema nisipoipata harusi hii, mwisho wa mwezi naenda kwa kaka yake Kyumbi kufyatua matofali. Amelitamka neno matofali kwa utamu, kama mtu anayetaja jina la mtoto. Nashukuru kuwa na mke anayenifikiria.

Githongo naye ameshasikia. Githongo! Ana suti nyeupe, ana spika zake mwenyewe, na husema "basically" hata akiagiza chai.

Jumapili, 3 Agosti

Mungu hamtupi mja wake. Leo nimeingia duka la vitambaa la Mzee Burale kutafuta kitambaa cha tai. Juu ya duka, kwenye stoo, nikasikia Kiingereza kinamwagika. Si kimoja. Vingi! Vinagombana!

Nikamuuliza Mzee Burale kuna mkutano gani. Akasema ni binti yake Fosiya, aliyemaliza Form Four na anangoja chuo. Kila wikendi yeye na kaka yake Hamse na vijana wenzao huangalia katuni za Kijapani, zenye maandishi ya Kiingereza chini. Halafu huijadili hadithi kwa Kiingereza kitupu. Anayeteleza kwenye Kiswahili huosha vikombe. Mzee alisema walipohamia hapa kutoka Garissa, Fosiya Kiingereza kilikuwa kikimtoa jasho. Leo ndiye anayejibizana na wenye viwanda kwa simu.

Mpango ukanijia hapo hapo, kitambaa cha tai mkononi. Nitajiunga! Lakini mtu mzima hawezi kuomba kufundishwa na watoto. Kwa hiyo nikapanda ngazi nikamwambia Fosiya kwamba najitolea kuwa mlezi wa chama chao, kwa sababu napenda katuni za Kijapani tangu utoto wangu.

Hamse akaniuliza naipenda ipi. Nikasema ile ya Mjapani.

"Anko, zote ziko na Wajapani."

Nikamjibu ndiyo maana nazipenda zote.

Fosiya aliniangalia kidogo. Akasema karibu, anko, vua viatu. Soksi yangu ya kushoto ilikuwa imetoboka. Wote walijifanya hawaioni. Nawashukuru kwa hilo.

Jumamosi, 9 Agosti

Somo la kwanza. Nilienda kucheka, nimerudi nimelia. Sitamwambia Kavutha.

Kuna msichana, Natsuyo, fundi wa miavuli. Ana roboti anayeitwa Goro, mkubwa kama tangi la maji la shule, anayeweza kung'oa daraja kwa mkono mmoja. Lakini anaogopa mvua! Anaogopa kutu. Anga likianza tu kujikunja, Goro anajificha nyuma ya msichana ambaye hamfiki hata gotini, naye anamfunika mwavuli.

Maneno niliyovuna ni haya. Goro alinyeshewa, akakaa akitetemeka, akasema yuko "under the weather". Fosiya akaeleza maana yake ni mgonjwa kidogo. Baadaye adui alifika na Goro akakataa kutoka mlangoni. Natsuyo akasema Goro ana "cold feet". Hapo nikauliza mbona hawamvalishi soksi.

Stoo nzima ikaanguka kicheko. Hamse alilala juu ya marobota ya kitambaa akipiga miguu. Fosiya peke yake hakucheka. Alisema maana yake ni mtu kuogopa dakika ya mwisho, na kwamba swali langu ni zuri, kwa sababu anayefikiria soksi hatalisahau neno. Alipokuja mwaka wa kwanza, akasema, yeye aliuliza mabaya zaidi ya hilo.

Mtoto ana adabu yule. Nilijisikia kama Goro alipofunikwa mwavuli.

Nikaosha vikombe vyote. Nilikuwa nimeongea Kiswahili tangu mlangoni.

Jumanne, 12 Agosti

Kesho Mzee Tajeu anatusikiliza sisi maemsii wawili bomani kwake, tuseme Kiingereza achague.

Nimefanya jambo la akili. Nimemwambia Githongo mahali pamebadilishwa. Mzee atakuwa Namanga kesho siku nzima kwa ajili ya ng'ombe, na atamsikiliza huko huko, mpakani. Githongo alinishukuru. Alinishika bega, akaniagizia chai na mandazi, akasema basically mimi ni muungwana.

Mandazi niliyala nikiangalia meza. Lakini yalikuwa ya moto. Namshukuru.

Jumatano, 13 Agosti

Ushindi! Nilifika mapema. Mzee Tajeu alikuwa ameketi na fimbo yake magotini. Tukasalimiana kwa Kimaasai.

"Sopa, Ndeti!"

"Ipa, Mzee!"

Akasema yeye mwenyewe Kizungu haelewi, atasikiliza tu kama kinatembea vizuri. Nikasimama. Nikapanua mikono kama Goro aking'oa daraja. Nikasema yote niliyonayo, "under the weather", "cold feet", "hold your horses", yaani subiri kwanza, ambayo Hamse alinipa ngazini, kisha nikarudia kutoka mwisho kwenda mwanzo. Ng'ombe wawili waliondoka.

Mzee alitikisa kichwa kwa muda mrefu. "Ashe oleng," akasema, asante sana. "Hiyo Kizungu iko na nguvu."

Akauliza Githongo yuko wapi. Nikasema labda ana "cold feet".

Nimemwambia Kavutha asahau matofali. Amesema tutaona.

Alhamisi, 14 Agosti

Siwezi hata kuandika.

Naandika. Bibi na bwana harusi hawakupitia Nairobi. Walishuka Arusha wakaja kwa barabara pamoja na wageni wao. Jana mchana walikuwa wamekwama Namanga, kwa sababu karani mmoja wa mizigo aligoma kupitisha zumari la Waskoti. Lina mfuko na miguu mitatu. Karani alitaka kujua ni mnyama gani na kama amechanjwa.

Na nani alikuwa amesimama hapo mpakani, suti nyeupe, akimtafuta Mzee Tajeu? Githongo! Aliongea na karani. Akaongea na wageni. Akapuliza zumari mwenyewe kuthibitisha halina uhai. Jioni wakaingia Kitengela naye ameketi mbele kama balozi.

Mzee amegawa kazi. Githongo ndiye emsii. Mimi nitatambulisha wageni wakati wa chakula. Kutambulisha tu!

Lililoniumiza zaidi ni kwamba Githongo amekuja nyumbani kunishukuru. Anadhani nilijua watu wa harusi watapitia huko, nikamtuma makusudi awapokee. Alinikumbatia mbele ya Kavutha. Sikujua nifanye nini na mikono yangu.

Jumamosi, 16 Agosti

Somo. Mama yake Fosiya alileta sambusa. Sambusa za nyama, pilipili kwa mbali, zinavunjika zenyewe mdomoni. Mwenyezi Mungu amlipe mama yule.

Hadithi ya leo ilikuwa ya mezani. Natsuyo, Goro na bibi yao wanakula chakula cha jioni, wote kimya, na kiti kimoja kitupu. Mjadala ulipoanza Fosiya akasema sasa tuzungumzie "the elephant in the room". Nikainua kichwa. Tembo? Nilikuwa nimeitazama katuni nzima na sikuona tembo. Wakaanza kueleza maana yake, wote kwa pamoja, na sahani ya sambusa ilikuwa imefika upande wangu. Nikasikia "big", nikasikia "everybody can see it", nikasikia "nobody says".

Yatosha. Chumbani kuna tembo mmoja, mkubwa, anayeonekana na kila mtu, na hakuna aliyemtaja. Basi ni mgeni wa heshima anayengoja kutambulishwa! Neno zuri. Kwetu pia mtu mzito tunamwita tembo. Nashangaa Wazungu wametufikia.

Hamse aliniuliza kama nimeelewa. Nikasema sana. "Buda, una uhakika?" Nikamwambia mlezi wa chama hakosi uhakika.

Alhamisi, 21 Agosti

Leo tumefanya mazoezi bomani. Nimewaona wageni. Mama wa bwana harusi anaitwa Morag. Mwembamba, mrefu, mkimya, kama fito ya hema. Baba ni Duncan, uso mwekundu. Kuna na mama mwingine wa kofia ya kijani anayekaa karibu na Duncan. Morag alikaa mwisho wa hema upande huu, wao mwisho wa upande ule. Nikadhani ni jua.

Soipan akanivuta kando. Macho yake yalikuwa mekundu. Akasema wazazi wa Alasta waliachana zamani, na yule wa kofia ndiye mke wa sasa. Morag hajawahi kusema naye hata neno. Walipanda ndege mbili tofauti. Alasta halali, anaogopa harusi itaharibika.

"Anko Ndeti, tafadhali. Ukifika kwao wataje mmoja mmoja. Haraka haraka. Halafu uende mbele."

Nikamwahidi kwa mkono kifuani. Maskini mtoto, alinishukuru mara nyingi.

Lakini njiani kuelekea nyumbani nimewaza. Mama wa bwana harusi ametoka mwisho wa dunia, halafu nimtaje haraka haraka kama mbuzi wa mnada? Apokewe baridi kwa sababu mumewe alimwacha? Hapana. Ndeti hafanyi hivyo. Nitatimiza ahadi. Nitasema sentensi moja tu, fupi. Lakini nitampa cheo.

Jumamosi, 23 Agosti

Nimevua viatu. Niko kitandani. Naandika kama ilivyokuwa.

Githongo aliongoza asubuhi vizuri. Nakubali. Soipan alivaa shanga za mama yake shingoni hadi mabegani, na Alasta sketi ya kwao. Wazee wa Kimaasai waliikagua sketi na kuikubali. Zumari lililia, mbwa wa boma zima wakaitikia. Kisha chakula. Githongo akanikabidhi maiki.

Niliwataja wazee wa ukoo. Sawa. Nikawataja wajomba. Sawa. Nikamtaja Duncan haraka haraka, na mama wa kofia haraka haraka. Soipan akanitikisia kichwa, akatabasamu. Nilikuwa nimebakiza Morag.

Nikasogea katikati ya hema. Nikanyoosha mkono wote kumwelekea, kiganja juu, kwa heshima. Nikapaza sauti.

"And now, ladies and gentlemen, let us talk about the elephant in the room!"

Kijiko kilianguka mahali fulani.

Wazungu wote waligeuka mawe. Duncan akawa mwekundu kupita nilivyojua inawezekana. Mama wa kofia aliishika kofia yake kwa mikono miwili. Alasta alifumba macho. Soipan aliniangalia, na naomba Mungu nisiangaliwe hivyo tena. Upande wa Maasai walipiga makofi kidogo, wakaona hakuna mwingine anayepiga, wakaacha. Meza ya nyuma nikamwona Fosiya amejifunika uso kwa mtandio wake, na Hamse amelala juu ya meza.

Nikajua kuna kitu nimevunja. Sikujua ni nini. Kiingereza chote kilinitoka, hata "please be seated". Na walikuwa wameketi.

Mtu akaniwekea glasi ya maji mkononi. Githongo! Angeweza kuninyang'anya maiki aimalize kazi, mimi niwe kichekesho cha Kitengela hadi Krismasi. Hakuichukua. Alisimama kando yangu akaninong'oneza, "Kunywa. Usikimbie."

Nikanywa. Nikashindwa kukimbia.

Ndipo Morag akasimama. Polepole. Aliniangalia mimi, nikadhani atanitupia sahani. Kisha akawaangalia wale wawili. Akasema kitu kwa Kiingereza chao cha haraka. Githongo akanitafsiria sikioni. Amesema ndiyo, afadhali mtu mmoja ameuona. Amesema amechoka kukaa naye mezani miaka yote.

Akaanza kutembea. Alilivuka hema lote, akapita mbele ya wazee, akapita meza ya keki, hadi kwa mama wa kofia. Mama wa kofia naye akasimama. Morag alimnyooshea mkono. Yule mama aliuangalia ule mkono, kisha akauacha, akamkumbatia mzima mzima, na kofia ikaanguka chini. Walisimama hivyo. Migongo yao ilikuwa inatetemeka wote wawili. Duncan alitafuta leso mifuko yote akaikosa, akajifuta kwa tai.

Alasta alilia kama mtoto. Soipan alilia. Mzee Tajeu, ambaye hakuelewa hata neno moja, alisimama akainua fimbo, na wanawake wakaanza kuimba. Githongo akasema sasa ondoka hapo katikati. Nikaondoka.

Baadaye Morag alinitafuta. Alinishika mikono yote miwili, akasema "thank you", akasema tena. Macho yake yalikuwa yamelowa lakini yalikuwa yanacheka. Nikasema "thank you" na mimi. Nilishukuru bila kujua nashukuru nini. Sijawahi kushukuru hivyo maishani.

Jumapili, 24 Agosti

Kavutha amenipikia isyo, mahindi na maharagwe ya kwetu, pamoja na nyama ya jana iliyobaki. Alikuwa hemani na wanawake wengine, aliona yote. Alisema moyo wake ulisimama. Alisema vilevile kwamba niliposhindwa kuongea nilikuwa mzuri kuliko ninapoongea. Sijui ni sifa au nini. Hajataja matofali.

Mchana nikaenda kwa Fosiya na zawadi ya ndizi. Nikamshukuru mbele ya baba yake. Nilisema bila stoo yake, bila Natsuyo na Goro, nyumba ile ya Waskoti ingerudi kwao imegawanyika. Mzee Burale alifurahi akaagiza chai ya maziwa.

Fosiya akaniketisha. Taratibu sana, kama mtu anayetoa mwiba, akanieleza tembo ni nini. Si mgeni. Ni jambo kubwa ambalo wote wanalijua na wote wanaogopa kulisema. Katika katuni ilikuwa kile kiti kitupu, cha baba aliyewaacha.

"Ulibahatika, anko. Ingeharibika kabisa. Next time uniulize kwanza. Mimi sitakucheka."

Nikaahidi. Aliyasema kwa upendo, na nikaona ni kweli hajanicheka hata siku moja. Machozi yalikuwa karibu. Nikasingizia moshi wa jiko, ingawa hapakuwa na jiko.

Githongo nilikutana naye barabarani. Nikataka kumwambia ukweli wa Namanga. Nikafungua mdomo. Akasema basically jana tulifanya kazi kama ndugu. Nikaufunga mdomo. Nikamnunulia chai yeye.

Jumanne, 26 Agosti

Simu! Nimepata kazi! Sifa zimefika hadi Embulbul. Kuna familia moja kubwa imempoteza babu yao, mzee wa kanisa, mwalimu mkuu mstaafu. Watoto wake wako Marekani na Uingereza na wote wanakuja kumzika Ijumaa. Wanataka emsii wa Kiingereza. Wamesema wamesikia kuna mtu Kitengela ambaye husema neno moja na watu wote wanalia.

Ndiye mimi!

Nilimwomba Hamse neno la Kiingereza la kufa. Alinipa hili: "kick the bucket", yaani kuipiga ndoo teke. Nikalipenda mara moja. Lina maji ndani yake, lina safari. Fosiya alikuwa anapima kitambaa, akaacha mita ikaanguka. Akasema hapana, hapana, anko, hilo ni la mzaha kati ya marafiki, usilitamke karibu na jeneza, tafadhali.

Nikamshukuru kwa moyo wote. Mtoto mzuri sana, lakini bado mdogo. Amesoma, ndiyo. Hajawahi kushika maiki mbele ya wafiwa akaona jinsi neno la Kizungu linavyoingia. Na hata la tembo alisema ningeharibu.

Nitalisema mwanzoni kabisa, kabla ya sala, wakiwa bado na nguvu za kulia. Na ili hata wasiosikia vizuri waelewe, nimenunua ndoo. Ya bati, mpya, inalia vizuri ikipigwa. Nimeijaribu uani na Kavutha ametoka mbio kuuliza kumetokea nini.

Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Ijumaa ataelewa.